Kabla hujafungua dashibodi: kutibu mishale ya geji inayokwama

Gari likishakuwa la siku nyingi huku kusini, liwe Hilux ya kubebea korosho Nachingwea au Corolla ya teksi pale Lindi mjini, itafika siku mshale mmoja ugome. Wa mafuta unabaki robo hata ukijaza tenki. Wa joto unalala chini huku rejeta inatokota. Wa spidi unaganda kwenye 40 na gari umeshalipaki. Dawa za wengi ni mbili tu: kugonga kioo kwa kidole, na ikishindikana, kuagiza dashibodi used kutoka Gerezani, Dar, ije na basi.

Kugonga si ujinga, mradi ujue kusoma jibu unalopewa. Kuagiza ndiko kunakoniuma, maana mara nyingi mwenye gari anabadilisha kibao kizima cha geji na mshale wa kibao kipya unagoma vilevile. Hewa ya chumvi ya baharini, vumbi jekundu la uwanda wa Makonde na salfa ya mikorosho havianzi na mshale. Vinaanza na soketi, nati za ethi (za waya unaofungwa kwenye bodi) na sensa. Kwa hiyo hapa tunatoka nje kwenda ndani: kioo cha dashibodi kinafunguliwa mwishoni, na kwenye magari mengi hutafika huko.

Ila kama unaogoma ni mshale wa joto, usipande nalo mlima wa Newala ukisema utaangalia ukirudi. Gari likichemsha bila wewe kujua, silinda hedi ikapinda, hesabu yake si ya geji tena.

Andaa testa, multimita hata ile ya bei rahisi, bisibisi ya nyota, balbu ndogo ya wati 3.4 iliyoungwa waya mbili, kifutio cha penseli, brashi laini, spiriti ya duka la dawa na mafuta ya mgando. Tochi pia, kwa sababu nyuma ya dashibodi ni giza hata saa sita mchana.

Jua geji yako ni ya aina gani

Geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige staa, halafu utazame mishale.

Ukiona mshale unapanda polepole, unachukua sekunde kadhaa kufika, na ukizima unashuka vilevile polepole, hiyo ni geji ya zamani ya bimetali. Ndani yake kuna kipande cha metali za aina mbili kilichozungushiwa waya. Umeme ukipita kinapata moto, kinapinda, kinausukuma mshale. Land Rover za Series na Toyota nyingi za zamani ziko hivi.

Ukizima ufunguo na mshale wa mafuta ukabaki palepale ulipokuwa, geji yako ni ya koili na sumaku, yenye mafuta mazito ya silikoni kwenye ekseli ya mshale ili usichezecheze barabara ikiwa mbaya. Japani wameziweka hizi kwenye magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990.

Mishale ikirudi sifuri yote kwa pamoja unapozima, na kusimama tena mara moja unapowasha, huenda ni mota ndogo za hatua, za magari ya miaka ya 2000 na kuendelea. Hizo nitazigusa kidogo tu mwishoni.

Spidometa ina mambo yake. Ya zamani haitumii umeme kabisa kusogeza mshale: kebo inatoka kwenye giaboksi, inazungusha sumaku, sumaku inakivuta kikombe chepesi cha alumini, na kamani nyembamba kama unywele inakirudisha.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya: si kila mshale uliotulia umekwama. Geji ya silikoni haipandi papo hapo ukitoka sheli. Mpe mshale muda. Na mshale wa joto wa magari mengi ya miaka ya 1990 kuja juu umetengenezwa kwa makusudi ukae katikati kwa nyuzi joto nyingi kabla haujaanza kupanda. Ukikaa katikati kutoka Mtwara hadi Masasi, huo haujafa. Mshale wa kutilia shaka ni ule ulioko katikati asubuhi wakati injini ni baridi.

Hatua ya 1: gonga, kisha usome jibu

Gonga taratibu kwa kidole juu ya geji inayosumbua wakati ufunguo umewashwa. Majibu ni matatu.

Mshale ukiruka ukaenda mahali unapostahili na kubaki hapo, kuna kitu kinaukwaruza au kuubana. Hilo ni tatizo la ndani ya geji. Ruka hadi hatua ya 5.

Ukitikisika kidogo ukarudi palepale, uko huru kabisa. Unaonyesha kile unachoambiwa na waya. Hapo ukinunua geji mpya umetupa hela. Endelea na hatua ya 2.

Ukiruka vizuri, kisha ukaanguka tena, au taa za dashibodi zikapepesa wakati unagonga, kuna mguso uliolegea nyuma. Nenda hatua ya 3 moja kwa moja.

Fanya hivi gari likiwa baridi, urudie likiwa limepigwa jua la saa nane. Plastiki na mafuta ya ndani ya geji havifanyi kazi sawasawa katika hali hizo mbili, na geji inayokwama mchana tu imeshakupa fununu.

Kisha angalia kama ni mshale mmoja au zaidi. Mafuta na joto zikipanda juu kupita kiasi kwa wakati mmoja kwenye gari lenye geji za bimetali, usiziguse geji. Nyuma ya dashibodi kuna kifaa kidogo cha kushusha umeme; kwenye Land Rover za Series zenye geji za Smiths kinatoa wastani wa volti 10. Kifaa hicho hufanya kazi kwa kushika ethi kupitia mwili wake. Skrubu yake ikilegea au ikiota kutu, geji zinapata umeme wote wa betri na kudanganya kwa pamoja. Kukwangua pale kinapofungwa na kukaza skrubu moja kunaweza kumaliza kazi yote.

Hatua ya 2: mdanganye mshale kwa balbu

Kipimo hiki ni cha dakika chache, na sielewi kwa nini hakifanywi zaidi. Lengo ni kuiondoa sensa kwenye mzunguko na kuweka balbu mahali pake, uone kama geji inatii.

Anza na joto. Tafuta sensa ya geji kwenye injini, karibu na bomba la maji la juu au kwenye silinda hedi. Kwenye Toyota nyingi za zamani sensa ya geji ina waya mmoja tu. Yenye waya mbili ni ya kompyuta ya injini, usiiguse. Zima ufunguo, chomoa ule waya mmoja, ufunge kwenye waya mmoja wa balbu ya wati 3.4, na waya wa pili wa balbu uubane kwenye chuma safi cha injini. Sasa washa ufunguo na mtu akae ndani atazame. Mshale ukipanda kuelekea kwenye moto, geji na waya ni vizima. Sensa ndiyo imekufa. Zima mara mshale unapopanda, usiuache ukagandamiza mwisho wa kipimo. Ukigoma, pima volti kati ya ule waya na bodi: kukiwa hakuna kitu kabisa, waya umekatika au fyuzi imeungua; umeme ukiwepo na mshale haujitikisi, hapo ndipo unapoweza kuituhumu geji. Usiunganishe waya moja kwa moja na bodi bila balbu, utachoma koili.

Sensa yenyewe unaipima jikoni. Ifungue injini ikiwa imepoa, iweke kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, upande wa waya ubaki juu ya maji, na ushike multimita kati ya teminali yake na mwili wake. Kadiri maji yanavyopata moto, ukinzani lazima ushuke taratibu bila kurukaruka. Ukisimama mahali pamoja hadi maji yanachemka, nunua nyingine.

Tenki ni vilevile, ila kwa adabu zaidi kwa sababu ya mvuke wa petroli. Kwenye Corolla soketi iko chini ya kiti cha nyuma. Fungua milango yote, fanyia nje, usifungue mfuniko wa tenki kwenye hatua hii, na uunganishe balbu kwanza ndipo mtu awashe ufunguo, ili cheche isitokee mkononi mwako. Hakikisha pia waya unaoshika ni wa geji na si wa pampu ya mafuta. Kama huna uhakika, fundi rewaya atakuonyesha kwa muda mfupi kuliko utakaotumia kubahatisha. Mshale ukielekea kwenye kujaa, hata polepole, geji ni nzima.

Zima, chomoa balbu, sasa pima ukinzani wa boya (sensa ya mafuta iliyo ndani ya tenki) kwenye soketi ya upande wa tenki. Toyota nyingi za zamani zina kama omu 3 tenki likijaa na kama omu 110 likiwa tupu. Ukiwa na nusu tenki na multimita ikasoma kama waya umekatika, kabla hujalitoa boya ongeza waya wa ethi wa muda kutoka kwenye mfuniko wa boya hadi chuma safi cha bodi. Sensa nyingi za matenki yaliyooza pembeni hupona hapo hapo. Likibidi kutoka, litoe tenki likiwa na mafuta kidogo na betri imechomolewa, kisha usogeze mkono wake kuanzia chini hadi juu ukitazama multimita. Namba zikiruka au kupotea katikati, njia ya boya imelika. Isafishe kwa spiriti na kitambaa laini. Msasa usitumie, utaimaliza njia iliyobaki.

Hatua ya 3: chumvi, vumbi na salfa

Gari linalolala Shangani au Mikindani, karibu na maji, huota ule unga wa kijani kwenye soketi na nati za shaba. Gari la Ruangwa au Newala hujaa vumbi laini linalopita hata pale mpira unapoonekana mzima. Lakini kuna adui wa tatu ambaye sijaona akitajwa kwenye vitabu vya magari: salfa. Miezi ile ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, pikapu hubeba mifuko na mabomba ya kupulizia, na unga wake wa njano huingia kila mahali, mpaka chini ya mazulia. Salfa huila shaba na kuacha utando mweusi usiopitisha umeme vizuri. Ukichomoa soketi ukakuta pini nyeusi badala ya kijani, na gari lilikuwa la shambani, umeshajua.

Anza na nati za ethi, zile zinazofunga waya kwenye bodi: moja mara nyingi iko nyuma ya paneli ya miguu, upande wa dereva au wa abiria, na nyingine karibu na betri. Toa teminali hasi ya betri. Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika chochote. Hayo ni maelekezo ya Toyota wenyewe. Fungua nati, kwangua mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha pakaa mafuta ya mgando juu yake. Ukipakaa kabla ya kufunga si kosa, ila yawe membamba.

Soketi usizikwangue kwa kisu. Pini inasuguliwa kwa kifutio cha penseli, inapigwa brashi iliyoloana spiriti, inaachwa ikauke. Kwa upande wa kike wa soketi, chomeka na kuchomoa mara kadhaa ukiwa na spiriti. Mguso unajisugua wenyewe.

Hatua ya 4: kebo ya spidi

Mshale wa spidi unaocheza kati ya 30 na 60 huku mlio mkavu ukisikika nyuma ya dashibodi ni kebo iliyokauka au iliyopinda mno. Ichomoe juu na chini, uvute waya wa ndani, uuzungushe kwa vidole: ukiruka badala ya kuzunguka sawasawa, umekunjika, badilisha. Ukiwa mzima, ufute kwa kitambaa chenye dizeli, kausha, kisha upakae grisi nyembamba sehemu ya chini tu. Sentimita kama 10 za juu ziache kavu. Hapo hapo ndipo spidometa nyingi zinauawa na mafundi wakarimu, kwa sababu waya ule una misokoto, na ukizunguka unaipandisha grisi hadi ndani ya spidometa. Mshale unaanza kuwa mzito, mwishowe unabaki 40 gari likiwa limesimama.

Hatua ya 5: sasa fungua

Umefika hapa kwa sababu mshale unakwama kweli. Toa betri, shusha usukani kama unashuka, fungua skrubu za fremu (mara nyingi mbili ziko juu, zikitazama chini), kisha vuta kibao taratibu huku mkono mmoja ukipita nyuma kubonyeza kishikio cha kebo na cha soketi. Usivute kwa nguvu. Nyuma kuna karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na ikichanika unaongeza tatizo jipya.

Kabla ya kioo kutoka, tazama geji kwa pembeni na uulize historia ya gari. Je, kuna aliyebadilisha balbu akaweka za LED? Aliyebandika stika ya geji nyeupe za mapambo? Kama ndiyo, huenda mshale ulirudishwa kwa kugandamizwa mno na kitovu chake sasa kinasugua uso wa geji. Kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara moja lazima kipite chini ya kitovu bila kushika. Kisipopita, weka vijiko viwili vidogo vya chai chini ya kitovu, kila upande, juu ya kadibodi nyembamba, uinue mshale kiasi cha unene wa unywele tu. Usiutoe kabisa kama si lazima. Ukilazimika, bandika kwanza tepu pembeni na uchore ulipokuwa.

Mshale unaokwama mahali palepale kila mara, tuseme nusu, unasugua uso uliovimba au kujipinda kwa jua. Tafuta mkwaruzo mwembamba kwenye rangi, au unga mweusi chini ya mshale. Kandamiza uso polepole au fungua na ukaze tena skrubu zake ndogo. Unaokwama popote pale una uchafu kwenye ekseli. Unaokwama sifuri tu na kuachia ukigongwa, mara nyingi umegandana na kile kijiti unachoegemea. Futa kijiti kwa pamba yenye spiriti.

Kuna kosa linalotokea baada ya kusafisha. Ukikipangusa kioo cha plastiki kwa kitambaa kikavu kinapata umeme tuli, na mshale unavutwa na kioo kama vipande vya karatasi vinavyorukia chanuo lililotoka kuchana nywele. Unafunga gari, mshale hausogei, unafikiri umeharibu geji. Futa kioo kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, kiache kikauke chenyewe. Spiriti usiipeleke kwenye kioo hicho. Aina nyingine ya plastiki hupasuka nyufa ndogondogo.

Petroli, thina na mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati vyote havina kazi hapa. Viwili vya kwanza vinayeyusha rangi na namba. Cha tatu kinafanya mshale uende vizuri kwa wiki kadhaa, kisha kinashika vumbi na kuganda vibaya zaidi. Kwenye geji ya silikoni, spiriti pia isiingie kwenye ekseli, maana itayaosha yale mafuta na mshale utacheza kwa kila shimo la barabara. Silikoni yenyewe ikishakauka, sioni faida ya kuhangaika nayo. Lakini angalia nyuma: geji nyingi za aina hii zimefungwa kwa nati au skrubu chache, kila moja peke yake. Agiza geji hiyo moja, si kibao kizima, na kilomita zako zitabaki zilezile.

Spidometa ya kebo safisha kwa brashi, na unga wa chuma uliong'ang'ania sumaku utoe kwa kipande cha tepu yenye gundi. Kamani usiiguse hata kwa brashi. Ikipinda kidogo tu, kipimo chote kimepotea.

Magari ya mota za hatua: ukishapima umeme na ethi ukakuta viko sawa, mota yenyewe inatolewa kwa kuyeyusha risasi kwenye bodi ya umeme. Mpe fundi aliyezoea kuchomelea bodi za redio au simu, na umwambie asitupe ile ya zamani mpaka mpya ifanye kazi.

Kurudisha na kuhakiki

Rudisha kila kitu bila kufunga skrubu zote, washa, tazama mishale yote, ndipo ufunge. Kwa mafuta, anza na tenki karibu tupu, jaza lita 10 kwa 10, na uandike mshale ulipofika kila mara. Karatasi hiyo iache ndani ya gari.

Spidi ipime kwa simu yenye GPS kwenye lami iliyonyooka kati ya Mtwara mjini na Mikindani, mtu mwingine akiwa ameshika simu. Nenda 40, kisha 50, kisha 80 ukishatoka kwenye makazi. Ukipita kwenye vibao vya 50 tochi za trafiki hazisikilizi habari za kebo, kwa hiyo unachotafuta ni mshale usiosoma pungufu ya simu. Kusoma zaidi kwa kilomita 3 au 4 ni kawaida ya spidometa nyingi. Hiyo iache.